Kitanda cha Majaribio

Mjomba alipoleta oda ya mabweni hakuitamka mara moja. Alizunguka karakana nzima, akasalimia watu aliokwisha kuwasalimia asubuhi, akabonyeza sponji kwa kidole kama mteja mgumu, kisha akakohoa. Kikohozi hicho kilijulikana. Maana yake ilikuwa kwamba ana habari na anataka aombwe.

"Sema basi, utapasuka," dada yake alimwambia bila kuinua macho kwenye cherehani.

"Magodoro mia nne," Mjomba akasema. "Mabweni mapya ya wanafunzi. Wanayataka yote kabla chuo hakijafunguliwa."

"Kinafunguliwa lini?"

"Mwisho wa mwezi ujao."

Cherehani ilisimama. Mwenye karakana, mume wa huyo dada, alikuwa amelala chali kwenye kitanda kilichokuwa karibu na mlango. Alifumbua jicho moja.

"Na wewe umekubali?"

"Nimekubali, shemeji. Ulitaka niseme ngoja kwanza nikaulize nyumbani, kama bibi harusi?"

Karakana ilikuwa jengo moja refu lenye paa la bati na madirisha mengi. Upande mmoja yaliingia matofali makubwa ya sponji, yakakatwa vipande. Vipande viliunganishwa kwa gundi kwenye meza ndefu na fundi ambaye kila mtu alimwita Gundi, naye alikwisha kuzoea kiasi kwamba akiitwa kwa jina lake haitiki. Kisha kikaja kitambaa na chumba cha cherehani, milki ya Mama, dada yake Mjomba. Mwisho kabisa, kwenye mlango wa kutokea, kilikuwepo kitanda cha mbao chenye chaga tupu. Hicho kilikuwa milki ya Baba, mumewe.

Hakuna godoro lililotoka bila kulaliwa na Baba. Alivua viatu, akalala chali, akageukia kushoto, akageukia kulia, akakaa kwenye kila ukingo. Godoro likiwa zuri alilipiga makofi mawili, likashonwa lebo yenye maneno "Limelaliwa na mwenyewe". Likiwa baya aliinuka kimya, akalisukuma pembeni. Kazi hiyo ilichukua karibu nusu saa kwa godoro moja, salamu za wapita njia zikiwemo, maana kitanda kilikuwa mlangoni na Baba hakuwahi kuacha salamu ya mtu ipite bila jibu. Alifanya hivyo tangu karakana ilipoanza. Katika maduka ya mji ule mteja hakuuliza godoro la kampuni gani. Aliuliza kama limelaliwa.

Ndivyo oda yenyewe ilivyopatikana. Meneja wa mabweni, mwanamke asiyependa maneno mengi, mwaka uliotangulia alinunua magodoro ya bei rahisi mahali pengine. Muhula haukuisha kabla hayajazama katikati, na wanafunzi wakawa wanapiga picha mashimo na kuzisambaza. Safari hii alitaka yenye lebo. Aliandika hivyo kwenye mkataba: kila moja liwe limelaliwa. Yakipungua, au yakichelewa, atanunua kwingine, na sponji yote iliyokwisha kuagizwa itabaki juu ya kichwa cha karakana.

Kupanga kazi kuliangukia kwa binti yao. Watu walimwita Injinia kwa sababu alisomea uzalishaji wa viwandani, na kwa sababu hakuna aliyejua namna nyingine ya kukieleza alichosomea. Alikuwa amefanya kazi miaka michache katika kiwanda cha vinywaji, akarudi nyumbani kwa hiari yake, jambo ambalo majirani bado walikuwa wakilichunguza.

Injinia alianza na hesabu. Karakana ilitoa magodoro manane kwa siku. Ili kutimiza oda bila kuwatupa wenye maduka waliowazoea, ilibidi itoe ishirini na mawili. Alipita na saa mkononi akapima kila hatua: kukata, kuunganisha, kukausha, kushona. Akachora mstari wa kazi ubaoni kwa chaki, kila hatua na muda wake. Kukata kuliongezewa msumeno wa pili. Meza ya gundi ilirefushwa, Gundi akapewa wasaidizi wawili. Mama alimwita mdogo wake, ambaye alikuwa fundi mzuri wa mapazia, aje na cherehani yake mwenyewe.

"Nitakuja," Mama Mdogo alisema, "lakini mapazia hayana uzito. Mkinivunja mgongo mtanilisha."

"Tutakulisha," Mama akasema, "na kelele zako tutazivumilia pia."

Ulikuwa mpango mzuri, na kila sehemu yake ilifanya kazi kama ilivyochorwa. Katikati ya wiki ya pili chumba cha cherehani kilikuwa kinamaliza magodoro ishirini na mawili kwa siku, mara nyingine ishirini na matatu. Injinia alisimama kwenye mlango wa chumba hicho, akahesabu, akaridhika. Halafu akaenda kwenye lori, akahesabu tena. Kwenye lori yalikuwa yanaingia kumi na mawili.

Alirudi ubaoni. Hapakuwa na kosa. Alipima upya kukata, sawa. Gundi, sawa. Wakati huo magodoro yalikuwa yamepangwa toka mlango wa cherehani hadi nusu ya karakana, matano matano, mtu akitaka kupita lazima apande. Wasaidizi wa Gundi walikuwa wamegundua kwamba kupanda huko kunafurahisha, na walikuwa wanapita hata wasipokuwa na safari.

Ni Mjomba aliyesema, na hakusema kwa kusaidia. Alikuwa amekwama katikati ya lundo, mguu mmoja huku na mwingine kule, ametota jasho.

"Duniani kuna mambo," alipaza sauti ili shemeji yake asikie. "Kiwanda kizima kinakimbia, mtu mmoja amelala, na huyo aliyelala ndiye tunayemsubiri!"

Watu walicheka. Baba naye alicheka, bila kufumbua macho. Injinia hakucheka. Alimtazama baba yake kitandani, kisha akageuka kuutazama ubao. Kukata, kuunganisha, kukausha, kushona, kupakia. Kitanda hakikuwemo.

Alikuwa amefundishwa kwamba ukitaka kujua kazi inakwama wapi, tazama vitu vinalundikana mbele ya nini. Lundo lilikuwa kubwa kuliko gari na alikuwa analiruka kila siku. Lakini tangu utotoni alimkuta baba yake amelala pale, na macho yake yalimpita kama yanavyoipita nguzo ya jengo. Alipopima kazi za watu, haikumjia kabisa kwamba ile nayo ni kazi. Alichukua chaki, akaandika "kulala" kati ya kushona na kupakia. Muda: nusu saa. Ukomo kwa siku: kumi na mawili, kumi na matatu wapita njia wakiwa wachache.

Alimfuata Baba wakati wa mapumziko.

"Baba, ni wewe."

"Nimefanya nini?"

"Magodoro yanakusubiri wewe. Wengine wote wameongezeka, wewe uko mmoja."

Baba alitafakari. Hakuwa mtu wa kubishana na kitu kinachoonekana, na lundo lilikuwa linaonekana.

"Unataka nilale haraka?"

"Inawezekana?"

"Njoo ulale hapa." Alimpisha kitandani. "Sasa sema, lina nini?"

"Halina kitu. Zuri."

"Subiri. Godoro jipya ni kama mgeni siku ya kwanza, lina adabu. Kaa nalo kidogo, litaanza tabia zake."

Injinia alilala. Walizungumza mambo mengine. Baadaye kidogo aliona kitu upande wa kushoto wa kiuno, kama mfereji mwembamba. Alijipima kwa saa, akarudia kwenye magodoro mengine. Ilikuwa kweli: sponji ilihitaji joto la mwili ndipo ilegee, na kiungo ambacho hakikushika kilijificha hadi hapo. Muda wa kulala haukuweza kupunguzwa. Salamu zilipunguzika, lakini alizipima nazo, na hazikuwa nyingi kama alivyodhani.

"Basi shoneni lebo tu," Mjomba alisema jioni hiyo walipokaa wote kwenye meza ya gundi. "Magodoro ni yaleyale, fundi ni yuleyule. Mwanafunzi gani ataamka usiku aulize, samahani, hili alililalia nani?"

"Tumeandika limelaliwa," Baba akasema.

"Shemeji, maandishi tu hayo."

"Wewe umewauzia watu godoro kwa maandishi hayo. Kama ni maandishi tu, rudi dukani ukawaambie."

Mjomba akaanza kubandua gundi iliyoganda mezani.

"Kwa hiyo kuna njia mbili," Injinia akasema. "Tumwambie meneja hatuwezi. Au wapatikane watu wengine wa kulala."

"Kulala anajua kila mtu," Baba alisema. "Kazi ni kuamka na jibu."

Alisema hivyo kwa utulivu, lakini mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa meza, na Mama aliuona. Oda ilikuwa ya karakana nzima. Kitanda kilikuwa chake peke yake, na hakuwa na kitu kingine cha kumtambulisha mjini. Hakuna aliyemjua kama mtu aliyejenga jengo lile au aliyefundisha mafundi. Walimjua kama mzee anayelala.

"Tutapima," Injinia akasema. "Tukikuta hakuna mwenye jibu kama lako, nitampigia meneja mwenyewe."

Kupima kwenyewe kulikuwa hivi. Alimwomba Gundi atengeneze magodoro kumi yanayofanana kwa nje, manne kati yake ayaharibu kwa makusudi: moja aliunganishe bila gundi katikati, moja alitie sponji nyepesi sehemu ya kiuno, na mawili ayatie hitilafu anazozijua yeye. Gundi, ambaye maisha yake yote alikuwa akijaribu kutoharibu, aliifanya kazi hiyo kwa furaha iliyotia shaka. Kila godoro lilipewa namba upande wa chini. Walalaji hawakuambiwa mabovu ni mangapi. Wangelala mara mbili, asubuhi na baada ya chakula cha mchana, na mara ya pili namba na mpangilio vingebadilishwa.

"Na mimi nilale," Gundi aliomba.

"Wewe umeyaharibu mwenyewe, unayajua kwa sura. Utasaidia kubeba."

"Kila siku mimi ni kubeba."

Walalaji walikuwa wanne: Baba, Mama, Mama Mdogo na Mjomba. Vitanda viliazimwa nyumbani na kwa jirani. Kazi za siku hiyo zilisimama nusu, maana wasaidizi walitaka kuona, na ilikuwa kweli ni kitu cha kuonwa: watu wazima wanne wamelala sambamba mchana kweupe, wanageuka kwa amri, huku binti mwenye chaki anapita katikati yao kama msimamizi wa mtihani.

"Kushoto."

"Kushoto kwangu au kwako?" Mjomba aliuliza.

"Wewe geuka tu!" Mama Mdogo akamkemea. "Na usikorome, unanichanganya."

"Sikoromi, napumua. Watu wengine hatuna pua ndogo."

Majibu ya asubuhi yalikwenda ubaoni. Baba aliyapata mabovu yote manne na hakuonea hata moja zima. Alipoona hivyo alivaa viatu vyake taratibu, akatoka mlangoni kusalimia watu.

Mjomba alikuwa amekataa saba, matano kati yake yakiwa mazima.

"Hayo mazima yana nini?" Injinia alimwuliza.

"Yananiuma mgongo."

"Mgongo ndio mbovu, si godoro," dada yake akasema. "Tulikwambia uache kubeba pikipiki yako ngazini."

Mama Mdogo alikosea moja. Mama hakukosea.

Injinia aliutazama mstari wa Mama mara mbili, akarudia kulinganisha na namba. Manne kwa manne. Lakini mara moja inaweza kuwa bahati.

Baada ya chakula walirudi vitandani. Jua lilikuwa limelishika bati, feni ilikuwa inazunguka, na kwenye godoro la tatu Baba alisinzia. Hilo halikumshtua mtu. Siku zote Baba akisinzia juu ya godoro ilikuwa ndiyo alama ya juu kabisa. Mafundi walikuwa wanajisifu nayo. "Langu lile Mzee alilala hadi saa kumi," walikuwa wakisema. Aliamka, akalipiga makofi mawili, akaendelea.

Mama alipata manne tena. Mama Mdogo safari hii hakukosea. Mjomba alikataa manane na akaomba dawa ya mgongo.

Baba alikuwa amepitisha mabovu mawili. Moja lilikuwa lile alilosinzia juu yake.

Injinia aliyaandika ubaoni. Hakuyaandika kwa herufi ndogo wala hakusubiri watu waondoke. Halikuwa jambo la ukatili. Baba yake mwenyewe ndiye aliyemfundisha, tangu akiwa mdogo, kwamba godoro bovu haliitwi zuri kwa sababu mteja ni rafiki. Lakini Gundi alijifanya anatafuta brashi yake.

"Namba ngapi?" Baba aliuliza.

"Sita na tisa."

"Nipe mkasi."

Alilipasua la sita mwenyewe, kitambaa hadi sponji, akatia vidole kwenye kiungo. Kilifunguka kama kitabu. Akapasua la tisa. Alitazama ndani muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Kwa hiyo mchana," alisema hatimaye, "mimi ni mtu aliyelala tu."

"Ndiyo, Baba."

"Miaka yote hii."

"Asubuhi hukukosea hata moja."

"Nimeuliza habari za mchana."

"Mchana, ndiyo."

Mama alikaa kwenye ukingo wa kitanda chake, akaanza kufunga kilemba chake vizuri. "Baba watoto, mimi ningekwambia bila ubao. Mchana wewe hata mgeni akifika huamki. Mjumbe wa nyumba kumi amewahi kuja, akakusubiri, akasinzia na yeye."

Mtu mmoja alicheka puani. Baba aligeuka kumtafuta aliyecheka, akamkosa, na uso wake ukaanza kulegea upande mmoja kwa tabasamu.

"Na wewe?" alimwuliza mkewe. "Wewe umejulia wapi? Hujawahi kulala hapa hata siku moja."

"Hapa sijalala. Nyumbani je?"

"Nyumbani unafanyaje?"

"Magodoro uliyoyakataa, baba watoto, yalikuwa yanakwenda wapi?"

Godoro lililokataliwa Baba hakuweza kuliuza, na hakuweza kulitupa. Kila moja lilibebwa nyumbani. Vitanda vyote vya nyumba ile vilikuwa na magodoro aliyoyakataa yeye, na moja likichakaa lilikuja jingine, lenye ubovu mwingine.

"Yenye bonde nimelala," Mama aliendelea. "Yenye kiungo kilichoachia nimelala, hadi naamka mguu umeingia kati. Lenye fundo la uzi nililalia ujauzito mzima wa huyu." Alimwonyesha Injinia kwa kidevu. "Nikigusa tu najua. Huyu ndugu yangu naye alikaa kwetu akisoma, ndiyo maana amekosea moja tu. Kaka yangu hajawahi kulala kwetu, alisema tuna kelele."

"Mnazo," Mjomba alisema kutoka kitandani.

Injinia alikumbuka usiku wake wa kwanza chuoni, kwenye godoro zima, jinsi alivyokosa usingizi akidhani kitanda kina kasoro. Siku iliyofuata mtihani ule wa vitanda, Gundi alimwandalia magodoro kumi mengine kwa siri. Aliyapata mabovu yote, akamwambia Baba.

Hapo ndipo Baba alipocheka. Alicheka polepole, mabega kwanza. "Kumbe nimewasomesha," alisema. "Nimewasomesha wote nyumba nzima, tena bila ada." Halafu uso wake ukatulia. "Lakini lebo inasema mwenyewe. Nipe simu ya huyo meneja."

"Nimpigie mimi?" Mjomba aliuliza haraka. "Kuna namna ya kulieleza."

"Hiyo namna yako ndiyo siitaki."

Meneja wa mabweni alifika kesho yake asubuhi. Alimwamkia Baba, akakaa kwenye kiti alichopewa, akautazama ubao ambao Baba alikuwa amekataza usifutwe.

"Mzee, mimi nilikubali kwa sababu ya ile lebo," alisema.

"Ndiyo maana nimekuita. Nikilalia yote mimi, utapata nusu kwa wakati, na hayo ya mchana sikuhakikishii. Yakilaliwa na hawa watatu, mke wangu, mdogo wake na binti yetu, pamoja na mimi asubuhi, utapata yote. Lakini hayatakuwa yamelaliwa na mwenyewe. Ukiona hayakufai, ununue kwingine, sitakulaumu."

"Huyu aliyekosea mawili ni nani?"

"Ni mimi."

Meneja alimtazama Baba, akautazama ubao tena. "Na huyu ambaye hakukosea?"

"Mke wangu."

"Naweza kujaribu?"

Alivua viatu, akalala juu ya godoro moja bovu, mkoba tumboni. Baada ya muda mfupi alisema halina shida. Mama alimwambia atulie. Simu yake ikaita, akapokea hapohapo alipolala, akamgombeza mtu kuhusu mabomba ya maji kwa kirefu. Alipokata simu alikunja uso.

"Kuna kitu kiunoni."

"Karibu kazini," Mama akamwambia.

Meneja aliinuka, akavaa viatu. Alisema maneno machache, kama kawaida yake: lebo iandike kile kinachofanyika kweli, na ijulikane kila godoro amelilalia nani, ili likileta shida aulizwe mwenye nalo. Injinia alipendekeza uzi wa rangi kwenye kona, kila mlalaji na rangi yake. Wakakubaliana. Lebo mpya iliandikwa "Limelaliwa na mkaguzi wetu kabla ya kuuzwa", maneno ambayo Mjomba aliyaita marefu na yasiyo na ladha, na aliyatumia kuuza kuanzia siku ileile.

Vitanda vikawa vitatu. Wawili walipokwenda kulala, cherehani mbili zilibaki bila watu, na Injinia alikuwa amekwisha kuliona hilo. Waliajiriwa mafundi wawili wa mtaani. Fundi wa kushona anapatikana kwa siku moja. Mgongo uliolalia mabovu kwa miaka mingi haupatikani hivyo. Injinia mwenyewe alilala zamu ya tatu kila alipopata nafasi, na watu walizoea kumletea maswali ya kazi akiwa chali.

Kitu kingine kilichotokea hakikuwa kwenye mpango wowote. Kwa kuwa sasa kila kilichokataliwa kiliandikwa sababu yake, ilionekana kwamba ubovu mwingi ulikuwa wa aina moja, viungo vilivyoachia, na Gundi akakasirika. Alitengeneza mbao nzito za kukandamiza kiungo hadi gundi ikauke. Ndani ya wiki moja magodoro ya kukataliwa yakawa machache.

"Sasa nyumbani tutalala juu ya nini?" Mama alilalamika.

"Nunua," Gundi akamwambia. "Nitakufanyia bei ya ujirani."

Siku ya kwanza walitoa magodoro kumi na tisa, kisha ishirini na moja, kisha lundo likaanza kupungua. Wasaidizi walisikitika, hapakuwa tena na cha kupanda. Baba alilala asubuhi pekee, kwenye kitanda chake cha mlangoni ambacho alikataa kisisogezwe. Mchana, siku za mwanzo, alizunguka hajui mikono yake aiweke wapi. Aliokota nyuzi. Aliketi na kuinuka. Alisimama nyuma ya mkewe akilala, hadi Mama akamwambia kwamba godoro linashindwa kutulia kwa sababu yake. Ndipo akaenda meza ya gundi, akagombana na Gundi kuhusu uzito wa mbao, akashinda, akakosea, wakaanza upya. Tangu hapo mchana ukawa na kazi.

Lori la mwisho liliondoka siku mbili kabla ya chuo kufunguliwa. Baba alisema atakwenda nalo. Hakuwahi kuyafuata magodoro yake yanakokwenda.

Mabweni yalikuwa jengo jeupe lenye harufu ya rangi mbichi. Wabebaji walipandisha magodoro ghorofani, na Baba alipanda nyuma yao polepole, akaingia chumba kimoja baada ya kingine. Vitanda vilikuwa vya chuma, virefu kwenda juu, viwili viwili. Alibonyeza hapa, akainua kona pale, akatazama uzi. Kijani, wake. Bluu, mkewe. Bluu tena. Njano, Mama Mdogo. Chumba kizima cha bluu. Alisimama humo kidogo, kisha akaketi kwenye kitanda cha chini, akageuza kichwa kama anayesikiliza.

Mwangalizi wa bweni, mwanamke mnene mwenye funguo nyingi kiunoni, alimkuta hapo.

"Shikamoo, Mzee. Umechoka na ngazi?"

"Marahaba. Sijachoka."

"Nimeambiwa wenye karakana wamekuja. Ni nyinyi?"

"Ndiyo sisi."

"Aa! Basi wewe ndiye yule mzee anayelala!"

Baba alipiga godoro makofi mawili, akainuka.

"Asubuhi tu," alisema. "Mchana ni zamu ya mke wangu, na yeye hasinzii."